Vidonda vya kisukari: Kabla ya kuchangia mashine ya plazma, tuitazame miguu yetu



Ndugu msomaji, yako maneno yanazunguka hapa Tabora, kuanzia vibaraza vya Gongoni mpaka Isevya na Ng'ambo, kwamba huko Ulaya imepatikana mashine inayotoa mwali wa zambarau usiounguza. Mwali huo ukielekezwa kwenye kidonda cha mgonjwa wa kisukari, wanasema, vijidudu vyote hufa na mguu haukatwi tena. Vijana wanaonyeshana picha zake kwenye simu. Ijumaa moja baada ya swala kijana mmoja msomi aliniuliza mbele ya wazee: "Tabibu, misikiti tunajenga kwa michango, visima tunachimba kwa michango. Kwa nini tusichange tukainunua hiyo mashine ya plazma, wazee wetu wakapona?"

Nia ya kijana huyu ni njema, na swali lake linastahiki jibu refu kuliko nililompa pale mlangoni watu wakitafuta viatu vyao. Jibu langu ni kwamba tuchange, tena tuchange sana, lakini fedha hiyo kwa sasa tusiipeleke kwenye mashine.

Tuanze na jina, maana limewachanganya wengi. Plazma tunayoizungumzia hapa haihusiani na ile ya damu, yale maji ya manjano yanayobaki chembechembe za damu zikitolewa. Hii ni ya watu wa fizikia. Kitu kigumu ukikipasha moto huwa kimiminika, kimiminika huwa gesi, na gesi ikipewa nguvu zaidi, chembe zake huanza kuachana na elektroni zake, ikawa plazma. Radi inayopiga huku kwetu wakati wa masika ni plazma, na ile ni ya moto mkali mno. Zile televisheni bapa zilizokuwa fahari ya sebule miaka ya 2000 zilikuwa na vijichumba vidogo vya plazma ndani ya kioo. Sasa mafundi wa tiba wametengeneza plazma ambayo gesi yake inabaki na joto linalolingana na la mwili, chini ya nyuzi 40, hata mtu akiigusa haimuunguzi. Kifaa kimojawapo kina umbo la kalamu nene, kinapitisha gesi ya argon kwenye umeme wa mawimbi ya kasi, na nchani unatoka ulimi mdogo wa mwanga. Kinaitwa kINPen MED, kilitengenezwa Ujerumani na kupata kibali cha Ulaya mwaka 2013.

Ulimi huo ukikutana na hewa huzaa michanganyiko mikali ya oksijeni na naitrojeni, pamoja na kiasi kidogo cha mionzi kama ile ya jua. Michanganyiko hiyo huchana ngozi ya nje ya bakteria na kumvuruga ndani. Kwa kuwa inampiga sehemu nyingi kwa mara moja, bakteria aliyezoea antibayotiki naye hana pa kujificha. Na kwa dozi ndogo huonekana kuzichangamsha seli za ngozi na mishipa midogo ya damu ili kidonda kizibe. Kwa upande wa dini sioni tatizo: hakuna nguruwe wala kilevi ndani yake, ni gesi na umeme. Nalisema hili kwa sababu limeulizwa.

Je, inafanya kazi? Hapa lazima tuwe wakweli. Mwaka 2010 matabibu wa Ujerumani walitangaza matokeo ya wagonjwa 36 wenye vidonda sugu vyenye vijidudu. Sehemu ya kidonda iliyopigwa plazma ilipungukiwa na bakteria kwa asilimia 34 kuliko sehemu isiyopigwa. Mwaka 2020 Wairani walichapisha jaribio lao la wagonjwa 44 wenye vidonda vya mguu wa kisukari, wakiwagawa kwa kura makundi mawili ya watu 22. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida, na jingine likaongezewa plazma mara tatu kwa wiki kwa wiki tatu. Mwisho wa wiki hizo, wagonjwa 17 wa plazma vidonda vyao vilikuwa vimepungua mpaka nusu au chini ya hapo, ilhali kwa kundi la kawaida walikuwa 8. Hiyo ni tofauti ya kufurahisha, Alhamdulillah.

Mwaka huo huo wa 2020 likatoka jaribio jingine la Ujerumani, lenye wagonjwa 43 na vidonda 62, ambapo wengine walipigwa plazma na wengine wakapigwa gesi tupu bila wao kujua. Vidonda vya plazma vilipungua haraka zaidi. Lakini, na hapa ndipo wanaotuma picha kwenye simu hawafiki, kwenye upande wa vijidudu hapakuonekana tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Maana yake ni kwamba kidonda kilisaidika kufunga, ila vita dhidi ya uambukizo ilikuwa inapiganwa na kusafisha, kukata nyama iliyokufa na antibayotiki, ambavyo makundi yote mawili yaliyapata.

Hawa wote ukiwajumlisha hawajai hata swafu chache za msikiti. Ndiyo maana wataalamu wa kimataifa wa mguu wa kisukari, wanaojulikana kwa kifupi IWGDF, kwenye mwongozo wao wa mwaka 2023 walishauri plazma baridi isitumike kuponyesha vidonda hivi badala ya matibabu ya kawaida, kwa kuwa ushahidi bado ni mchache na dhaifu. Hawakusema ni uongo. Wamesema haijatosha. Basi ukimkuta mtu sokoni na kifaa kinachotoa cheche za buluu, anakwambia hii ndiyo plazma ya Wajerumani, lipa hapa, muage kwa salamu uondoke.

Na hata ushahidi ungekamilika kesho, kuna jambo mwali ule hauwezi kulifanya kwa maumbile yake. Unafanya kazi juu juu. Haupenyi kwenda kulikuta bonge la usaha chini ya unyayo, wala hauufikii mfupa ulioanza kuoza. Hauzibui mshipa wa damu ulioziba. Hauishushi sukari. Na haumzuii mzee kulikanyagia donda lake kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi.

Mguu huanzaje kuoza

Mwenye kuelewa hili ataelewa kwa nini nimekataa hoja ya mashine. Sukari ikikaa juu miaka mingi hula neva za miguuni. Mguu unakufa ganzi. Msumari mdogo wa makatambuga unachomoza ndani, mtu anatembea nao siku tatu hana habari. Mkewe ndiye anaona damu kwenye mkeka. Mwingine anakaa karibu na jiko asubuhi za Juni na Julai, miguu inaungua yeye anaona raha ya joto. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa kisukari wa hapa Tanzania waliong'atwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala, wasihisi chochote mpaka alfajiri. Si hadithi za kutisha watoto hizo, zimo kwenye jarida la kitabibu. Chandarua kilichofutikwa vizuri chini ya godoro, basi, kina faida nyingine mbali ya mbu.

Jeraha likishapatikana, vijidudu huingia. Sukari nyingi kwenye damu huwadhoofisha askari wa mwili wanaopaswa kuwaua. Kwa kuwa hakuna maumivu, mgonjwa anaendelea na shughuli zake, na kila hatua inasukuma usaha ndani zaidi. Mtu mwenye neva nzima angechechemea siku ya kwanza na kwenda zahanati siku ya pili. Maumivu, ndugu zangu, ni neema tusiyoishukuru.

Utafiti wa mwaka 2012 uliofanyika nchini ulikuta kwamba kati ya Watanzania 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 9 wana kisukari. Wengi wao hawakuwa wanajua. Wapo wanaolijua gonjwa hili siku wanapokuja na kidole cheusi. Ukiulizwa ulipimwa sukari lini, jibu ni "sijawahi". Kipimo ni tone moja la damu. Kabla ya kula chochote asubuhi, ikisoma 7.0 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, ni kisukari.

Donda ndugu na njia ya misafara

Wazee wetu walikuwa na jina la kidonda kibaya cha mguu kinachokula nyama wala hakiponi: donda ndugu. Mji huu umejengwa na miguu. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, miezi mitatu mitatu njiani, peku au na viatu vya ngozi mbichi. Aliyeota donda aliachwa kando ya njia. Mateka waliofungwa minyororo ndio waliokufa zaidi kwa madonda hayo. Hata Livingstone, ambaye tembe lake lipo hapa Kwihara mpaka leo, alilazwa na madonda ya miguu huko Bambarre katika nchi ya Manyema mwaka 1870, karibu siku 80 hawezi kutoka kibandani. Katika shajara yake ameeleza dawa iliyomsaidia: jiwe la kijani lenye madini ya shaba, likisagwa juu ya jiwe jingine kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Shaba huua vijidudu, hivyo haishangazi. Lakini tazama na jambo jingine: zile siku 80 alikuwa amekaa chini. Mguu ulipumzishwa. Ningeulizwa kipi kilimponya zaidi, jiwe au kibanda, ningekitaja kibanda.

Njia ile ile ilimleta na funza. Mdudu huyo hakuwa wa kwetu. Aliingia Angola kutoka Brazili mwaka 1872 kwa meli, akatembea bara zima ndani ya vidole vya wasafiri, na kabla ya karne kwisha alikuwa ameshafika pwani ya Bahari ya Hindi, akiacha watu bila kucha na wengine bila vidole. Mwenye kisukari na funza kwa pamoja asijitoboe mwenyewe kwa mwiba au pini. Aende atolewe kwa sindano safi.

Tatizo ni kwamba elimu ya donda ndugu tumeirithi pamoja na uchawi wake. Mguu ukivimba, mtu wa kwanza kuitwa ni wa kusema "umetegewa, umekanyaga kitu". Wiki tatu zinapita kwa chanjale na kafara. Muislamu anayesema Laa ilaaha illallah anachinja kuku mwekundu kwa ajili ya kidole kilichochomwa na msumari! Nilisoma madrasa kabla ya kusoma utabibu, na kwa elimu zote mbili sijaona mlango wa kuliruhusu jambo hili.

Wengine hukanda kwa maji ya moto. Hii ndiyo inayoharibu miguu mingi majumbani, kwa sababu inafanywa kwa mapenzi. Binti anachemsha maji, anamuuliza baba yake, "Yana moto sana?" Baba anasema, "Hapana mwanangu, ongeza." Mguu wenye ganzi haujui moto. Ngozi inabanduka kama ya muhogo uliochemshwa. Wengine humimina maji ya betri, mafuta ya taa, mavi ya ng'ombe, au hufungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyiza unga wake, ukawa kama simenti juu ya usaha.

Na jivu. Hapa lazima nisimame, kwa sababu mtu huja na dalili. Imepokewa kwamba siku ya Uhud, Bibi Fatma (Radhi za Allah ziwe juu yake) alichoma kipande cha mkeka na kuliweka jivu lake kwenye jeraha la Mtume (s.a.w.). Ni kweli, imo kwenye Bukhari. Lakini isome mpaka mwisho: jeraha lilikuwa bichi, la vita, lilikuwa linavuja damu, maji yalikuwa yanaizidisha, na jivu lilikuwa la moto ule ule. Alikuwa anazuia damu kwa alichokuwa nacho. Hilo haliwi hoja ya kuchota jivu la jikoni alikolala paka ukalijaza kwenye kidonda cha mwezi mzima kinachotoa harufu.

Asali ni mlango mrefu zaidi, maana Tabora ni nchi ya asali. Aya ya 69 ya Suratun-Nahl inajulikana na kila mtoto wa madrasa, na hakuna Muislamu anayeitilia shaka. Ni kweli pia kwamba asali huzuia bakteria wengi kuota, na kuna asali iliyosafishwa kwa mionzi maalum inayouzwa kwa ajili ya vidonda. Hata hivyo, IWGDF wale wale wa mwaka 2023 wameshauri isitumike kwa vidonda vya mguu wa kisukari, kwa sababu majaribio hayakuonyesha faida ya kutegemewa. Asali ya mzinga, iliyochujwa kwa kitambaa na kuuzwa kwenye chupa ya maji, inaweza kuwa na vijimbegu vya wadudu hatari ndani. Anayetibiwa hospitali akaniuliza kama apake asali, namwambia kidonda hiki chenye mfuko wa usaha ndani kinataka kisu kwanza. Mtume (s.a.w.) alipougua sahaba Ubayy bin Ka'b alimpelekea tabibu, na tabibu yule alikata mshipa na kuuchoma moto, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Aliyefundisha asali ndiye aliyempeleka mpasuaji.

Udhu ni kliniki mara tano kwa siku

Sasa nije kwenye tulichonacho bila mchango wowote. Wataalamu wanamtaka mgonjwa wa kisukari aitazame miguu yake kila siku, aioshe, aikaushe baina ya vidole. Nchi za wenzetu wanachapisha mabango kuwakumbusha watu. Sisi tumeamrishwa kuosha miguu, na kupitisha kidole baina ya vidole vya miguu ni sunna iliyothibiti. Kilichobaki ni kutazama na kukausha. Ukimaliza udhu, chukua kitambaa cha pamba, kausha kila upenyo wa vidole, kisha geuza unyayo uutazame. Mzee asiyeweza kuinama aweke kioo chini, au amuite mjukuu. "Njoo mwanangu, nitazamie babu yako kama kuna wekundu." Dakika moja inatosha.

Msikitini kwetu pana hatari zake. Sakafu ya udhu saa za adhuhuri mwezi wa Oktoba huwa kama kikaango, na mwenye ganzi anaikanyaga peku. Mitalawanda ya mbao, ambayo bado baadhi ya misikiti inayo, ina kile kigingi kinachoingia baina ya vidole, nacho kwa mgonjwa wa kisukari ni adui. Aje na malapa yake laini ya udhu kwenye mfuko. Na atikise viatu vyake kabla ya kuvivaa, changarawe moja inatosha kuanzisha msiba.

Kisha mwenye kidonda tayari. Wengi wanafungua bendeji mara tano kwa siku ili maji yafike, wakidhani bila hivyo swala haikubaliwi. Wengine wameacha jamaa kabisa kwa aibu ya harufu. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu tunaifuata, hukumu ya jabira iko wazi: unaosha sehemu nzima ya kiungo, unapangusa kwa maji juu ya bendeji, na unatayamamu kwa ajili ya ile sehemu isiyofikiwa na maji. Yapo masharti, kama vile kutofunika zaidi ya haja, muulize sheikh wako akupe yote. Lakini usifungue kidonda ambacho muuguzi amekifunga asubuhi. Imepokewa na Abu Daud kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akaota usiku, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika na kuwabebesha wao mauti yake. Na wanaomfokea mgonjwa wa leo kwa bendeji yake waikumbuke ghadhabu ile.

Kuhusu kisimamo, kidonda cha unyayo hakiponi kikikanyagiwa. Na katika sijda vidole vinakunjwa na kubeba uzito. Hadithi ya Imran bin Husayn, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, imeturuhusu kuswali kwa kukaa pale kusimama kunapodhuru. Mzee wa miaka 60 anaona haya kukalia kiti nyuma ya swafu kwa sababu vijana watasema amezeeka. Mwacheni akae, mwekeeni kiti kabla hajakiomba.

Kukatwa

Hili ndilo watu wanalolikimbia, na ndilo linalofanya mashine isikike tamu. Ukweli mchungu ni kwamba kuna siku kukata kidole kunaokoa mguu, na kukata mguu kunaokoa roho. Dk. Abbas na wenzake walichapisha mwaka 2002 habari za wagonjwa waliolazwa kwa vidonda vya mguu Dar es Salaam. Miongoni mwa waliokuwa na vidonda vibaya kabisa, vilivyofikia kuoza, na ambao hawakupasuliwa, asilimia 54 walifia hospitali. Zaidi ya nusu. Familia inayosema "bora azikwe mzima" ikae na tarakimu hiyo usiku mmoja kabla ya kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Wengine wanakataa kwa sababu hawajui mguu utatupwa wapi. Kiungo kilichokatwa kwa mtu aliye hai huviringishwa kitambaa na kuzikwa, wala hakiswaliwi. Iombeni hospitali mapema, kabla ya upasuaji, kwamba mtakichukua mkakizike. Sijaona muuguzi anayekataa akielezwa kwa upole.

Lakini mambo yasifike huko. Dk. Abbas huyo huyo alikuwa mstari wa mbele katika mradi ulioitwa Step by Step, ulioanza mwaka 2004 hapa Tanzania na India, wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuhudumia mguu wa kisukari kwa vifaa rahisi: kukagua, kukata sugu, kusafisha, kufunga, kupumzisha mguu, na kumfundisha mgonjwa. Waliofunzwa wakaanza kuwaona wagonjwa mapema na miguu iliyokatwa ikapungua. Hapakuwa na mwali wa zambarau. Palikuwa na kisu kikali, gozi safi, na mtu anayejua anachokitazama.

Basi narudi kwa kijana wetu na mchango wake. Mashine ile inataka umeme usiokatika, mitungi ya gesi, vipuri kutoka ng'ambo na mtu aliyesomea. Fedha ya namna hiyo ingetununulia vitu vingi ambavyo vinakosekana leo nyumbani kwa mgonjwa wa Uyui au Sikonge. Kila msikiti wa Ijumaa uwe na kipimo kimoja cha sukari na vijiti vyake, na Jumamosi moja kila mwezi watu wapimwe, wanaume kwa wakati wao na akina mama kwa wakati wao, na mpimaji avue soksi zao aitazame miguu. Asione mtu ajabu kwamba tunatazama vidonda msikitini. Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa siku ya Khandaq alipigiwa hema ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), na wanahistoria wanamtaja Bibi Rufaida wa kabila la Aslam kuwa ndiye aliyekuwa akiwauguza majeruhi pale.

Uwepo mfuko wa sadaka wa viatu: vilivyofungwa mbele, vyenye soli nene na nafasi ya vidole, viwe badala ya makatambuga ya misumari na yeboyebo zilizopasuka. Uwepo wa nauli pia. Mtu wa kijijini anayeambiwa aje kufungwa kidonda kila baada ya siku mbili hawezi kulipa basi kwenda Kitete au hospitali ya wilaya, naye ndiye anayeishia kwenye maji ya betri. Wanaostahiki zaka miongoni mwao ni wengi, kamati za misikiti zinawajua kwa majina. Na maimamu, mnapotoa khutba kabla ya Ramadhani, watajeni kwa uwazi: mwenye kidonda kilichoingia vijidudu, anayetumia insulini au antibayotiki, amuone tabibu wake kabla ya kufunga, na akiambiwa ale, ale.

Kijana aliniuliza pia afanye nini kwa baba yake, ambaye kidonda chake kina miezi miwili chini ya dole gumba. Nilimwambia, na ninakuandikia wewe mwenye mzee kama huyo nyumbani: mpeleke kesho asubuhi, asitembee, apandishwe baiskeli au bodaboda. Akiwa na homa, au wekundu unapanda juu ya kifundo, au kidole kimebadilika rangi, au kuna harufu, au sukari imepanda ghafla bila sababu, usingoje kesho, mpeleke usiku huu huu. Omba kidonda kichunguzwe kwa chuma chembamba safi kama kinagusa mfupa, na kama kinagusa, omba picha ya eksirei. Uende na dawa zake zote anazotumia, pamoja na zile za mganga, usizifiche. Na kama amekula asubuhi hiyo, useme amekula saa ngapi.